Zawadi za Watoto na Soko la Simuni

Kipindi cha Majilio hutujia kila mwaka na kazi mbili: kutayarisha roho na kutayarisha nyumba. Ile ya kwanza wengi wetu twamwachia Padre na katekista. Ile ya pili twaifanya wenyewe, tena kwa mbio. Na katika kazi hiyo ya pili hakuna kinachowasumbua wazazi kama swali dogo litokalo kinywani mwa mtoto: "Noeli hii mtaninunulia nini?"

Chukueni mfano wa Choma, katika wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora. Ni nchi ya wakulima wa pamba na mpunga, na wafugaji wa ng'ombe. Zamani mzazi wa huko alilijibu swali hilo kwa kutazama rafu za duka moja au mawili: kitambaa cha gauni, jozi ya viatu, pipi za kugawia watoto wa jirani. Kisichokuwapo dukani hakikuwapo duniani. Leo mzazi huyo huyo ana simu mfukoni, na ndani ya simu hiyo mna Kariakoo nzima. Hukaa chini ya mwembe wake, akatazama picha za magauni, baiskeli, wanasesere na magari ya kuchezea, akapatana bei na mtu asiyemjua aliye Dar es Salaam au Mwanza, akatuma fedha kwa simu, kisha akangoja kifurushi kishushwe na basi Igunga mjini na kuletwa kwake kwa bodaboda.

Je, jambo hili ni jema au ni baya? Wako wazee wanaolilaumu lote, na wako vijana wanaolisifu lote. Sisi twasema kwamba simu ni chombo, na chombo hufuata mkono wa mwenye kukishika. Lakini kwa kuwa fedha itumwayo ni jasho la familia, na anayengoja zawadi ni mtoto, yatupasa Wakristu kulitazama jambo hili kwa akili na kwa dhamiri.

NJIA YA KALE NA NJIA MPYA

Watu wa mkoa wa Tabora wasidhani kwamba kununua vitu kutoka mbali, kwa mtu usiyemwona, ni jambo la jana. Nchi ya Unyamwezi ilikuwa kitovu cha njia kuu ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifiwa kote kwa nguvu na ustahimilivu wao. Walipanda kutoka pwani na mizigo ya nguo za marekani, shanga na nyaya za shaba, na safari ya kufika Tabora ilichukua takriban miezi 3. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ndiyo iliyouondoa mzigo ule mabegani mwao.

Na shida za biashara ile zilikuwa ndizo shida zetu. Shanga zilizopendwa katika nchi moja zilikataliwa katika nchi ya pili. Mfanyabiashara aliyechagua rangi bila kuuliza alifika na mzigo usiotakiwa. Shida iliyo kubwa zaidi ilikuwa ya uaminifu. Dk. Livingstone, yule msafiri Mskoti, alipofika Ujiji mwezi Oktoba 1871, mgonjwa na mchovu, alitazamia kukuta bidhaa alizoletewa kutoka Unguja. Alikuta mtu aliyekabidhiwa bidhaa hizo amekwisha kuziuza zote. Mwaka uliofuata, kuanzia Februari hata Agosti, alikaa Kwihara karibu na Tabora akingoja wapagazi kutoka pwani. Nyumba aliyokaa yaonyeshwa mpaka leo.

Basi, aliyetuma fedha yake na kuona kimya, asidhani kwamba ni mtu wa kwanza kupatwa na mkasa huo katika njia hii. Wapagazi wamekuwa mabasi, na shanga zimekuwa picha za kwenye kioo. Moyo wa binadamu ndio haukugeuka. Palipo na umbali kati ya mnunuzi na muuzaji hapana budi pawe na uaminifu. Na uaminifu ukikosekana, hakuna mashine itakayoziba pengo hilo.

FEDHA HII NI YA NANI?

Kabla ya kuuliza tununue nini, tuulize tununue kwa fedha ipi. Noeli ya mkulima wa Choma haiji wakati wa mavuno. Pamba yake aliiuza katikati ya mwaka. Mwezi wa Desemba mvua zimeanza, jembe liko shambani, mbegu zatakiwa, vibarua wataka ujira, na ghala lapungua kila siku. Nyuma ya Noeli yaja Januari na kufunguliwa kwa shule. Ni kweli kwamba Serikali imeondoa ada katika shule zake za msingi na za sekondari. Walakini sare, viatu, madaftari na kalamu hazikuondolewa katika mfuko wa baba na mama.

Hapo ndipo jaribu lilipo. Kwa simu ile ile inayoonyesha zawadi, mtu aweza kukopa kwa dakika chache. Hajazi fomu wala haleti mdhamini, na hapana jirani atakayejua. Mkopo huo una riba na una siku zake. Watu wenyewe wameipa mikopo ya namna hii jina la "kausha damu", na jina hilo latosha kuieleza. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu mtandaoni bila leseni. Wengi walioingia huko walisumbuliwa na kuaibishwa mbele ya ndugu na marafiki kwa ujumbe uliotumwa kwa namba zilizokuwamo katika simu zao.

Tuseme baba mmoja amekopa ili mwanawe apate gari linalotembea kwa betri. Siku ya Noeli mtoto afurahi. Siku ya tatu betri imekwisha. Wiki ya pili mdai apiga simu, na fedha iliyowekwa kwa ajili ya sare yaenda kulipa deni. Shule inapofunguliwa, mtoto akaa nyumbani au aenda na kaptura iliyopasuka, naye hajui kwamba kaptura yake ndiyo iliyonunua lile gari. Je, baba huyu alimpa mtoto zawadi, au alimnyang'anya kwa mkono wa kushoto na kumpa kwa mkono wa kulia?

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Mume na mke wakae pamoja mapema, wahesabu kwanza mbegu, chakula na mahitaji ya shule, kisha waseme: kilichobaki ni hiki. Kikiwa kingi, tumshukuru Mungu. Kikiwa kidogo, tumshukuru pia, na zawadi ifuate kipimo hicho. Bikira Maria na Mt. Yosefu walipompeleka Mtoto Yesu hekaluni walitoa sadaka ya maskini, yaani ndege wawili, kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa mwanakondoo. Injili haionyeshi kwamba waliona haya.

KUMCHAGULIA MTOTO

Mamajusi wa Mashariki walimletea Mtoto dhahabu, ubani na manemane. Mt. Mateo aeleza kwamba walipomwona Mtoto walianguka kwanza wakamsujudia, ndipo walipofungua hazina zao. Utaratibu huo una fundisho: mtazame mtoto kwanza, ndipo ufungue mfuko. Wazazi wengi huanza na picha iliyo katika simu, wakavutwa na rangi yake na maneno ya bei iliyopunguzwa, na mwishoni ndipo wanapokumbuka kwamba kuna mtoto.

Basi, mzazi ajiulize: mwanangu ana umri gani? Apenda nini? Akosa nini? Mtoto wa miaka 2 hahitaji kitu chenye vipande vidogo, maana kila apatacho hukitia kinywani, na kipande kidogo chaweza kumziba pumzi. Zaidi ya hayo, jihadharini na vitu vya kuchezea vyenye betri ndogo za mviringo, zinazofanana na kifungo cha shati. Mtoto akiimeza betri hiyo, yaweza kumchoma koo kwa ndani katika muda wa saa 2 tu. Ikitokea, mkimbizeni hospitali mara moja, msingoje kuona kama itatoka. Picha ya dukani haitawaambia hayo; mwulizeni muuzaji kama betri imefungwa kwa skrubu, na asipojua, acheni kitu hicho.

Nguo na viatu ni zawadi njema sana, lakini miguu ya watoto haina namba moja. Mweke mtoto asimame juu ya karatasi, chora unyayo wake, upime kwa rula, umpelekee muuzaji sentimita hizo. Kazi hiyo ni ya dakika tano, nayo huokoa viatu visivyovalika.

Sasa twafika penye jambo zito zaidi, nalo ni haki kati ya watoto. Mzee Yakobo alimpenda Yosefu kupita ndugu zake, akamtengenezea kanzu nzuri. Kanzu hiyo ilikuwa zawadi ya baba kwa mwana, nani angeilaumu? Lakini ndugu zake waliitazama, na moyo wao ukajaa uchungu, hata siku moja wakamvua ile kanzu, wakamtupa katika shimo, kisha wakamwuza kwa vipande 20 vya fedha kwa wafanyabiashara wa msafara uliokuwa ukishuka Misri na ngamia waliobeba manukato na manemane. Tazameni jinsi zawadi moja isiyo na haki ilivyoweza kumfikisha mtoto katika msafara wa watumwa. Sisi watu wa njia ya Tabora, ambao mababu zetu waliwaona watoto wakipitishwa hapa wamefungwa, tungepaswa kuielewa habari hiyo kuliko wengine.

Haki si kununua vitu vilivyo sawa kabisa. Mkubwa aweza kupata madaftari na begi, na mdogo mpira. Haki ni kwamba kila mtoto aone kuwa amefikiriwa. Haifai mvulana kuletewa baiskeli huku dada yake akiletewa ufagio na sufuria, eti ajizoeze kazi. Haifai mtoto wa mke wa kwanza aliyefariki kupewa nguo iliyotumika huku wa mama mpya akivaa mpya. Na yule mtoto wa ndugu aliyekuja kusomea kwenu, je? Na yule binti afanyaye kazi nyumbani mwenu, anayechota maji na kumbeba mtoto wenu mgongoni, ambaye huenda naye hajatimiza miaka 18? Siku ya Noeli atasimama mlangoni akitazama wengine wakifungua vifurushi. Mkristu anayemsahau huyo, na kisha akaenda kupiga magoti mbele ya pango la Mtoto aliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni, amepiga magoti bure.

KUNUNUA KWA AKILI

Ukiisha kuchagua, nunua kwa busara. Kristu aliwaonya wafuasi wake wawe wapole kama njiwa, lakini aliwataka pia wawe na akili kama nyoka. Upole bila akili ndio chakula cha matapeli.

Kwanza, mjue unayemtumia fedha. Mwenye duka la kweli ana jina, ana mahali, na ana watu waliokwisha kununua kwake. Uliza parokiani, uliza jumuiya ndogo ndogo, uliza ndugu aishiye mjini. Ikiwezekana, mwombe ndugu huyo aende kukiona kitu kwa macho kabla hujalipa. Picha nzuri si ushahidi, maana picha huibwa kutoka duka hili ikapachikwa katika duka la uongo.

Pili, kama muuzaji akubali kulipwa mzigo unapofika, chagua njia hiyo hata ikiwa bei imezidi kidogo. Kama ni lazima kulipa mbele, soma kwa makini jina litokealo katika simu kabla hujathibitisha muamala. Ukiona duka lina jina moja na fedha yaingia kwa jina lingine lisilohusika, simama hapo. Tena tunza ujumbe wa malipo na maneno yote mliyopatana. Siku ya shauri, hayo ndiyo mashahidi wako.

Tatu, namba yako ya siri usimpe mtu awaye yote, hata ajiite mfanyakazi wa kampuni ya simu, hata akijua jina lako. Wazee wasiosoma vizuri hupenda kumpa wakala au kijana wa jirani simu pamoja na namba ya siri ili awasaidie. Watoto wao wawafundishe kwa heshima na saburi kubonyeza namba hiyo wenyewe. Na wote twaujua ule ujumbe mashuhuri unaoingia bila salamu, ukisema fedha ile itumwe kwa namba hii. Katika mwezi wa Noeli, ambapo kweli wengi wamo katika kutumiana fedha, ujumbe huo huwakuta watu wamekwisha kujiandaa kuuamini. Ukikufikia, usitume, mpigie unayemdhania kwa namba yake unayoijua. Namba ya tapeli ipelekeni 15040, kama Mamlaka ya Mawasiliano ilivyoelekeza.

Nne, agiza mapema. Mabasi ya Desemba hujaa watu na mizigo, na kifurushi kilichotumwa siku tatu kabla ya sikukuu chaweza kufika baada yake. Uliza pia gharama ya usafiri kabla ya kukubali bei. Gauni la bei ndogo lililolipiwa basi, kisha bodaboda hadi Choma, laweza kuwa ghali kuliko lile lililoning'inia dukani kwa jirani yako.

Neno la tano lahusu majivuno. Imekuwa desturi kwa wengi kupiga picha za watoto na zawadi zao, pamoja na jina la mtoto na shule yake, na kuzitangaza mitandaoni ili watu waone. Mkumbuke Herode. Naye aliuliza kwa upole Mtoto yuko wapi, akasema ataka kumsujudia. Si kila aulizaye habari za mtoto wako amtakia mema. Mamajusi walionywa na Mungu wasimrudie, wakashika njia nyingine. Hata nasi si lazima tumpe dunia nzima anwani ya watoto wetu.

NENO KWA WAUZAJI

Miongoni mwa wasomaji wetu wamo pia vijana wanaouza vitu kwa simu, na wengi wao hufanya hivyo kwa uaminifu na jasho. Twawapongeza. Wamepata riziki bila kupanga duka, na wamewafikishia watu wa vijijini vitu vilivyokuwa vya watu wa mijini tu. Lakini tuwaambie wazi: kuonyesha picha ya kitu kizuri na kutuma kibovu ni wizi. Maandiko Matakatifu yasema kwamba Mungu huchukizwa na mizani ya hila, na picha ya uongo ndiyo mizani ya hila ya siku hizi. Anayekula fedha ya zawadi ya mtoto na kuzima simu asijidanganye kuwa ni ujanja wa biashara. Hata akiungama, sharti arudishe. Maana toba ya mwizi haikamiliki mali ya watu ikiwa bado mfukoni na uwezo wa kuirudisha anao.

Nao wanunuzi wasisahau wajibu wao. Kumwagizia mtu mzigo, akauleta mpaka Igunga kwa gharama yake, kisha ukakataa kupokea simu kwa sababu umebadili nia, nako ni kumwibia. Uaminifu una pande mbili.

FUNDI ALIYE KARIBU

Tusisahau pia kwamba si kila kitu chafaa kuagizwa mbali. Choma ina mafundi cherehani, ina maseremala, ina akina mama wanaosuka na kufinyanga. Gauni lililoshonwa na fundi wa hapo humkaa mtoto, maana fundi amempima. Likichanika laweza kurudishwa. Na fedha iliyolipwa huenda kuwalisha watoto wa fundi, nao wapate Noeli. Kigari cha mbao chaweza kudumu kuliko cha plastiki. Watoto wa wafugaji hujua wenyewe kufinyanga ng'ombe wa udongo wenye pembe na nundu. Waacheni wafinyange na ng'ombe wa pango la Noeli! Mt. Fransisko wa Assisi alipotayarisha pango huko Greccio, Italia, mwaka 1223, hakuwa na sanamu za kununua. Alitaka nyasi, ng'ombe na punda. Na vyote hivyo, jamani, havijawahi kukosekana Choma.

Tena mnunulieni mtoto kitabu. Tabora imekuwa mji wa vitabu vya Kikatoliki kwa miaka mingi kwa kazi ya kiwanda cha uchapaji cha T.M.P. Kitabu chepesi cha hadithi au cha maisha ya watakatifu hakihitaji betri, hupita kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo wake, na chaweza kusomwa na familia nzima jioni.

ZAWADI ISIYOUZWA

Mwishoni tukumbuke mfano wa mtoto mmoja aliyepita katika njia hii hii. Adriano Atiman alizaliwa Afrika ya Magharibi, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa. Wamisionari wa Afrika walimkomboa kwa fedha katika nchi ya Algeria, wakamsomesha, wakampeleka Malta kujifunza uganga. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alisafiri na msafara kutoka pwani mpaka Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, akawa daktari na katekista huko kwa zaidi ya miaka 60, hata alipofariki mwaka 1956. Fikirini: mtoto huyu alipata kutiwa bei kama bidhaa. Fedha iliyotolewa kumkomboa ilikwisha siku ile ile. Lakini elimu na imani alizopewa zilizaa matunda ambayo maelfu ya wagonjwa waliyala. Hiyo ndiyo tofauti ya kumnunulia mtoto kitu na kumpa mtoto zawadi.

Zawadi ya namna hiyo kila mzazi aweza kuitoa. Baba ambaye mwaka mzima hurudi usiku ampe mwanawe siku nzima moja. Amfundishe kuendesha baiskeli ya zamani, wakae pamoja, wale pamoja, amsikilize. Mama amfundishe binti yake wimbo wa Noeli aliofundishwa na mama yake. Yule kijana aliye Dar es Salaam, ambaye kila Desemba hutuma kifurushi kizuri kwa watoto wake walio kwa bibi Choma, ajiulize kama mwaka huu hawezi kufika mwenyewe pamoja na kifurushi. Na kama kazi haimruhusu, basi apige simu siku hiyo, azungumze na kila mtoto kwa jina lake. Hayo nayo ni matumizi ya simu, tena yaliyo bora.

Kisha tuwafundishe watoto kutoa, si kupokea tu. Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Ufaransa, lilijengwa juu ya wazo hilo jepesi: watoto wawasaidie watoto. Kila mtoto anayepata kitu kipya achague kitu chake kimoja kizima, si kibovu, ampelekee mwenzake asiye nacho. Aende mwenyewe, akikabidhi kwa mikono miwili. Mt. Nikola, Askofu wa Mira katika nchi iitwayo leo Uturuki, ambaye sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba, husimuliwa kwamba aliwasaidia mabinti watatu maskini kwa kuwatupia fedha usiku, ili wasimjue. Wengi husema kwamba kwake ndiko ilikotoka desturi hii ya zawadi za Noeli. Hakutangaza, hakukopa, wala hakubagua.

Basi, enyi wazazi, mkishika simu kumtafutia mtoto zawadi mwaka huu, shikeni na mambo haya matatu: haki kwa kila mtoto aliye chini ya paa lenu, kiasi katika fedha, na akili mbele ya msiyemjua. Hata kifurushi kikichelewa njiani, Noeli haitachelewa. Maana Zawadi iliyo kuu ilikwisha kufika, ikalazwa horini, nayo haikulipiwa na yeyote kati yetu. Mwenyezi Mungu awabariki watoto wenu wote, wa damu na wa kulea, na awape nyumba zenu Noeli yenye amani.